Kitambaa cha Kuzuia Gesi ya Sumu Kianzie Nchiru

Tarehe 8 Oktoba 2025 ilitangazwa mjini Stockholm kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo ingegawanywa baina ya wataalamu watatu: Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne, na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Kwetu habari hiyo ilipita kama zipitavyo habari nyingi za maabara za ng'ambo: ilisomwa, ikasifiwa, ikasahauliwa. Nimeshika kalamu kudai kwamba haikustahili kusahauliwa, na hasa katika vyuo na shule za Meru na Embu, kwa kuwa jambo walilotuzwa wataalamu hao linahusu pumzi ya watu wetu wanaofanya kazi katika hewa yenye sumu, huku pua zao zimefungwa kwa kipande cha shuka kuukuu.

Walichokibuni wataalamu hao ni maada yenye vinyweleo, iliyojengwa kwa mpango. Atomi za metali huwekwa kama nguzo, na molekuli za kaboni zikawa boriti za kuziunganisha, hata likapatikana jengo lenye vyumba vitupu visivyohesabika. Chumba kimoja hakionekani kwa hadubini ya shule. Lakini lau kuta za vyumba vyote zingekunjuliwa na kutandazwa, gramu moja tu ya baadhi ya maada hizo ingefunika zaidi ya mita 7,000 za mraba, yaani uwanja mzima wa kandanda. Na gramu moja ni uzito wa punje mbili tatu za maharagwe! Molekuli ya gesi inayoingia humo hukuta ukuta kila upande, ikanata.

Mwalimu wa kemia atakuwa amekwisha kutambua kwamba wazo hili si geni kabisa. Makaa ya kawaida nayo yana vinyweleo, na yakiandaliwa vizuri gramu moja huwa na eneo la baina ya mita 500 na 1,500 za mraba. Ndiyo sababu bibi zetu waliweka kipande cha mkaa penye harufu mbaya bila ya kusoma kitabu chochote. Tofauti ni kwamba katika mkaa vyumba vimejichimba ovyo mithili ya njia za mchwa ndani ya kichuguu, ilhali katika viunzi hivi vipya mkemia ndiye mchora ramani. Yeye huamua upana wa mlango, na huamua metali gani ikae wapi ili kuikamata gesi fulani na kuiacha nyingine ipite.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuondoe dhana moja ambayo imeenea mno, na ambayo nimeisikia hata vinywani mwa watu waliosoma. Dhana yenyewe ni kuwa kitambaa chochote kilichofungwa puani huzuia sumu, mradi kiwe kizito. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kiliacha kushona sare kikashona barakoa kwa maelfu, na kazi hiyo ilikuwa ya kuheshimika. Barakoa zile zilikuwa chekeche. Zilizuia matone na vumbi kwa sababu matone na vumbi ni vikubwa kuliko nafasi zilizo baina ya nyuzi. Gesi haizuiliki kwa chekeche. Molekuli ya gesi ni ndogo sawa na molekuli za hewa tunayoivuta, na penye njia ya hewa pana njia yake. Huwezi kuichuja kwa kukaza nyuzi, kwa maana ukizikaza kiasi hicho utamnyima mtu pumzi. Njia iliyobaki ni kuiacha iingie, kisha kuinasa au kuivunja ikiwa njiani. Hiyo ndiyo kazi ya kinyweleo, na ndiyo sababu kitambaa kitupu, hata kiwe na mikunjo kumi, hakimfai kitu mtu aliye katika gesi.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya klorini na kuiacha ipeperushwe na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui. Silaha za kwanza za kujikinga zilikuwa pamba zilizochovywa katika maji ya magadi, na penye dharura, katika mkojo. Mwaka huo huo mkemia Nikolai Zelinsky wa Urusi alibuni barakoa iliyojazwa makaa amilifu. Mnamo 1918 raia wa Marekani walihimizwa wakusanye kokwa za pichi na maganda ya njugu ngumu yakachomwe makaa ya kutia katika barakoa za askari wao. Waliambiwa kokwa 200, au ratili 7 za maganda, zingetosha barakoa moja. Ganda gumu la nazi, yaani kifuu, lilionekana kuwa bora kupita mengi, na hata leo vifuu ni miongoni mwa malighafi zinazotafutwa sana kwa makaa ya aina hiyo. Namwomba msomaji alikumbuke neno hilo, maganda, kwa kuwa nitalirudia.

Hayo ni ya Ulaya. Katika upande wetu wa dunia gesi ya sumu ilitumiwa Uhabeshi. Tangu mwishoni mwa 1935 ndege za Italia zilimwaga gesi ya haradali juu ya majeshi na vijiji, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 iliyopiga marufuku silaha hizo. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirika la Mataifa mjini Geneva akaeleza jinsi ndege zilivyonyunyiza mvua ya mauti juu ya askari, wanawake, ng'ombe, mito na malisho. Serikali ya Italia ilikiri jambo hilo waziwazi mwaka 1996, miaka 60 baadaye. Gesi ya haradali haingii kwa pua peke yake. Hupenya nguo, ikaunguza ngozi, na wapiganaji wengi wa Uhabeshi walikwenda pekupeku wamevaa shama za pamba. Kwa hivyo kinga ya pua pekee isingewaokoa. Walihitaji nguo ambayo yenyewe ni kinga, na nguo kama hiyo hawakuwa nayo.

Baada ya vita vikuu vya pili majeshi ya nchi tajiri yalishona mavazi yenye tabaka la makaa amilifu ndani yake. Yalifaa, lakini yana kasoro mbili. Ya kwanza ni joto na uzito. Ya pili ni kubwa zaidi: mkaa hunasa sumu bila ya kuiua. Nguo hujaa, na ikiisha kujaa huwa ni mzigo wa sumu aliouvaa mtu mgongoni. Hapa ndipo viunzi vipya vinapoleta jambo ambalo mkaa hauna. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kundi la watafiti likiongozwa na Omar Farha limeotesha fuwele za viunzi vya zirkoniamu juu ya nyuzi za nguo, kwa kutumia maji badala ya vimiminika ghali na vyenye sumu. Waliyachapisha hayo mwaka 2019. Atomi za zirkoniamu zilizomo katika nguzo hufanya kazi ya kichocheo. Molekuli ya sumu ya mishipa ya fahamu ikinasa humo, huvunjwa ikawa kitu kisicho na madhara makubwa, na chumba kikabaki wazi kwa nyingine. Mwaka 2021 kundi hilo lilieleza kitambaa kingine cha aina hiyo kilichobeba klorini hai, ambacho huua bakteria na virusi vya korona na kuivunja gesi ya haradali kwa dakika chache. Nguvu zake zikiisha, hurudishwa kwa dawa ya kung'arishia nguo, ile ile ambayo mama hununua dukani kufulia shuka nyeupe.

Sina budi kuwapa heko. Lakini ni lazima tuulize nguo hii inashonewa nani. Utafiti wa namna hii umegharimiwa kwa sehemu kubwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na kila mwenye kulipa mpiga zumari ana haki ya kuchagua wimbo. Umekusudiwa askari anayeogopa sumu ambayo huenda asikutane nayo maisha yake yote. Na askari huyo akiipata nguo hiyo, haitafika kwa mtu wa Maua, Chuka au Runyenjes anayekutana na sumu kila Jumatatu.

Mtu huyo ni nani? Wa kwanza ni yule anayezoa vyoo vya shimo. Miji yetu imekua upesi kuliko mabomba ya maji taka, na plotini mwenye nyumba hana nafasi ya kuchimba shimo jipya kila lile la zamani linapojaa. Huitwa vijana, aghalabu usiku ili majirani wasione, wakashuka na ndoo na kamba. Ndani ya shimo hilo uchafu unaooza bila hewa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Hila yake ni hii: ikiwa kidogo hunuka sana, na ikizidi kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa, huua uwezo wa pua kunusa. Kijana huona harufu imepungua, akadhani hewa imekuwa njema, akateremka zaidi. Ikifikia sehemu mia kadhaa huanguka ghafla. Mwenzake aliye juu humwona ameanguka, huruka kumwokoa, naye akaanguka. Magazeti yetu yamechapisha visa vya namna hii mara nyingi kiasi kwamba mpangilio wake waweza kubashiriwa: wawili au watatu katika shimo moja, na wa mwisho ndiye aliyekuwa na moyo wa huruma.

Wa pili ni mpiga dawa. Nimewaona mara nyingi katika mashamba ya kahawa, nyanya na mishiri, pampu mgongoni, suruali imelowa, kitambaa kimefungwa puani, na baadhi yao wameunyonya mrija wa pampu kwa kinywa ili kuuzibua. Hapa sumu huwa mvuke na matone pamoja, na kama ile ya Uhabeshi, hupitia ngozi pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi mavazi yanayofaa ya kumkinga na vitu vya kudhuru. Sheria ni nzuri. Ila kijana wa choo hana mwajiri, ana mteja tu, na mpiga dawa wa kibarua ana mwajiri wa siku moja.

Basi ni kwa nini nimeitaja Nchiru? Kwa sababu vitu vinavyohitajika vimekutana hapo, nami naona ni ajabu kwamba havijaambiana neno. Nchiru ipo kilomita kama 15 kutoka mjini Meru katika barabara iendayo Maua, nacho Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati yake mwaka 2013, ndicho kilicholipa jina hilo umaarufu. Chuo hicho kina taasisi ya utafiti wa usafi wa mazingira, inayoshughulika na vyoo ambavyo havikuunganishwa na mabomba ya maji taka. Yaani tatizo la shimo limekwisha kupewa ofisi. Kuna idara za kemia. Na ukitoka langoni ukazunguka milima na mabonde ya Meru hadi Embu, utakuta mikadamia.

Hayo ndiyo maganda niliyoahidi kuyarudia. Ganda la makadamia ni gumu kupita kiasi, kila aliyejaribu kulivunja kwa jiwe anajua, na ni karibu theluthi mbili za uzito wa njugu nzima. Sheria ya mwaka 2013 imezuia makadamia kupelekwa nje yangali ghafi bila ya idhini maalumu ya serikali, na popote yanapobanguliwa nchini maganda hubaki kwetu. Mengi huishia kuwa kuni za tanuri. Kumbe ganda hilo lina sifa zile zile zilizokifanya kifuu kiwe maarufu: limeshikamana, halina majivu mengi, na makaa yake hujaa vinyweleo vyembamba ambavyo ndivyo hasa vinavyonasa gesi. Namna ya kuyaandaa si siri. Huchomwa pasipo hewa katika nyuzi 400 hadi 500 za Selisiasi, kisha hupulizwa mvuke wa maji katika nyuzi 800 au 900 ili mvuke ule uchimbe vyumba zaidi. Njia nyingine ni kuyaloweka kwanza katika asidi ya fosforiki, ambapo joto la chini zaidi hutosha.

Hapo kazi ya kitaalamu ndiyo huanza. Mkaa mtupu huishika haidrojeni salfaidi kwa ulegevu. Ukilowekwa katika potasiamu haidroksidi au chumvi za chuma, huikamata kwa mmenyuko wa kemia na kuibadili. Watu wenye mitambo ya gesi ya samadi hupitisha gesi yao katika kutu ya chuma kwa sababu iyo hiyo. Halafu kuna swali la kuushikisha unga huo kwenye kitambaa, na hili, kwa maoni yangu, ndilo swali tamu kuliko yote. Gundi ikizidi huziba vinyweleo, na kazi yote ya tanuri ikapotea. Ikipungua, mkaa hupukutika na mvaaji akauvuta mapafuni. Je, wanga wa muhogo wafaa? Utomvu wa mpira? Au afadhali mkaa ushonewe baina ya matabaka mawili ya pamba kama pamba ya mfarishi? Kitambaa kikinyeshewa na ukungu wa asubuhi wa Nyambene, au kikilowa jasho, maji yataingia katika vyumba kabla ya sumu; kitabaki na nguvu kiasi gani? Kikifuliwa je? Hakuna maabara ya Chicago itakayotujibia maswali hayo, kwani hakuna aliyeko kule anayevaa kitambaa kandokando ya shimo la Maua. Na kila moja la maswali hayo lamtosha mwanafunzi wa shahada ya uzamili kwa miaka miwili.

Najua pingamizi litakalotoka vyuoni. Wataniambia kwamba makaa ni elimu ya karne iliyopita, kwamba majarida makubwa hayachapishi mkaa wa maganda, na kwamba mhadhiri hupandishwa cheo kwa kuchapisha. Wasemayo yana ukweli. Lakini huo ni ukweli kuhusu vyeo. Sikatai viunzi vipya vichunguzwe Nchiru. Nasema viingie kwa mlango wa haja yetu. Atakayekuwa amekwisha kupima dakika ambazo kitambaa cha mkaa wa makadamia hustahimili gesi ya shimoni, huyo ndiye atakayejua ni wapi mkaa huo unashindwa, na ni kiunzi kipi kijengwe ili kisaidie pale uliposhindwa. Akianza na kiunzi kwa ajili ya jarida, atapata kiunzi na jarida, na shimo litabaki vilevile. Isitoshe, maada hizi mpya hupewa majina ya mahali zilipozaliwa: kuna UiO ya Oslo, HKUST ya Hong Kong na NU ya Northwestern. Chuo cha Nchiru nacho kina herufi zake.

Na zirkoniamu yenyewe? Katika mchanga wa Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba madini ya titaniamu pamoja na zirkoni, ambayo ndiyo mawe mama ya zirkoniamu. Shehena ya kwanza ilisafirishwa mwaka 2014 kupitia Likoni, na uchimbaji ukafungwa mwishoni mwa Desemba 2024. Zirkoni nyingi duniani hutumika katika vigae na vyombo vya kauri, nami sidai kwamba mchanga wetu ulishonwa katika nguo za askari wa mtu. Ninalosema ni kwamba kwa zaidi ya miaka kumi tulipakia melini metali ambayo wanafunzi wetu wengi hawajawahi kuigusa wala kuambiwa ifanyalo. Pamba nayo twaijua: Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha Rivatex cha Eldoret mwaka 2007, na uhandisi wa nguo hufundishwa huko. Sijui Nchiru na Eldoret zimetenganishwa na nini zaidi ya barabara.

Sasa niseme kwa sauti jambo ambalo wauzaji hawatalisema. Kitambaa chochote, cha mkaa au cha zirkoniamu, husafisha hewa, hakiumbi hewa. Ndani ya shimo refu oksijeni yenyewe huweza kuwa imekwisha, na mtu aliyevaa kitambaa bora duniani atakufa humo akiwa na pua safi. Kwa hivyo hakuna kitambaa kinachompa mtu ruhusa ya kuteremka. Shimo lizolewe kutoka juu kwa pampu, na pampu za mkono za kazi hiyo zipo na hutengenezwa katika karakana za kawaida. Kitambaa ni cha yule asimamaye mdomoni mwa shimo, anayeshika mpira wa pampu, anayeosha madebe. Vivyo hivyo, mkaa hauishiki kaboni monoksidi, ile gesi isiyo harufu inayowaua waliolala na jiko chumbani. Hiyo huhitaji mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba, na dawa rahisi kuliko zote ni dirisha. Mtu akija kuwauzia wazazi wa bweni fulani "barakoa ya gesi zote", mfukuzeni.

Wanafunzi wataniuliza kuhusu gesi wanayoijua wao zaidi, ile ya kutoa machozi. Hiyo kwa hakika ni unga laini unaotawanywa kama moshi, na kitambaa chenye maji hakiuzuii ipasavyo. Lakini katika maandamano ya Februari 2018 ya wanafunzi wa chuo hicho hicho cha Nchiru, kiongozi wao mmoja aliuawa kwa risasi, na kwa hilo kemia haina la kusema. Linahitaji ukurasa wake.

Kwa walimu wa sekondari nina pendekezo dogo ambalo halingoji bajeti. Twaa mirija miwili ya kioo. Katika mmoja tia unga wa makaa ya makadamia yaliyochomwa ndani ya kopo lililofunikwa. Katika wa pili tia unga ule ule, ila uwe umelowekwa katika maji ya ndimu ukakaushwa. Pitisha polepole mvuke wa amonia hafifu kutoka chupa ya maabara, madirisha yakiwa wazi na mwalimu akisimamia kwa mkono wake, na uweke karatasi nyekundu ya litimasi penye ncha ya kila mrija. Wanafunzi wahesabu dakika kabla karatasi haijageuka buluu. Mrija wa ndimu utastahimili zaidi, kwa sababu asidi huikamata amonia ilhali mkaa mtupu huishika kidogo tu. Katika kipindi kimoja watakuwa wameona kinyweleo kikifanya kazi, wameona kikijaa, na wamefahamu kuwa kila sumu ina mtego wake. Mtaala wa umilisi hudai mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Ganda hili liko nyuma ya jiko la nyanya yake.

Linabaki suala la nani atakigharimia kitambaa kikiisha kupatikana, kwa maana kijana wa choo hatakinunua. Serikali za kaunti ndizo zilizokabidhiwa usafi wa mazingira na Katiba ya 2010. Kaunti za Meru, Embu na Tharaka-Nithi zaweza kutoza mwenye plotini ada ndogo kila choo kinapozolewa, na kutoruhusu choo kizolewe ila na kikundi kilichosajiliwa, chenye pampu, kamba na vitambaa vilivyopimwa. Kipimo hicho kiwe cha wazi: jina la gesi, kiasi chake hewani, na idadi ya dakika kabla haijapenya, vyote vimechapwa juu ya pindo la kitambaa chenyewe kwa lugha ambayo mvaaji anaisoma. Chuo cha Nchiru kipime, Shirika la Viwango la Kenya lihakiki. Na tarehe ya kukitupa ichapwe papo hapo, maana mkaa uliojaa hauonekani kwa macho.